Maji na Asidi Mwilini: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Uchovu, kiu, kuchanganyikiwa, uvimbe wa miguu na kupumua kwa kasi ni malalamiko ambayo mhudumu wa afya huyasikia karibu kila siku, na kila moja laweza kutokana na maji yaliyopungua, maji yaliyozidi, chumvi iliyopotea au asidi iliyolimbikizana. Majibu ya maabara yakifika huonekana kana kwamba yamemaliza ubishi, ilhali mara nyingi ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu namba mbili tunazozitegemea mno katika eneo hili hazipimi kiasi cha kitu chochote. Sodiamu ya damu ni uwiano wa chumvi kwa maji. pH, namba ya uasidi wa damu, hufuata uwiano wa bikaboneti, ambayo ni alkali, kwa kaboni dayoksaidi, ambayo huleta asidi. Anayeonja mchuzi hujua kama chumvi imekolea, lakini ulimi haumwambii chungu kina ukubwa gani.

Mwongozo huu unafuata dalili, na kwa kila dalili unauliza swali lile lile: ni upande upi wa uwiano uliosogea? Umekusudiwa wauguzi, matabibu na wanafunzi wa afya. Msomaji mwingine ataona humo dalili zinazodai mgonjwa apelekwe hospitalini bila kuchelewa, lakini asiuchukulie kuwa ruhusa ya kujitibu.

Mpangilio wa maji kabla ya tatizo

Mwanamume mzima mwenye kilo 70 ana takriban lita 42 za maji, yaani asilimia 60 ya uzito wake. Kwa mwanamke kiwango hukaribia asilimia 50, na kwa mtoto mchanga hufika karibu asilimia 75. Kati ya lita hizo 42, lita 28 zimo ndani ya seli na 14 ziko nje, na katika hizo 14 ni takriban lita 3 tu zinazozunguka kwenye mishipa kama plazima. Sodiamu hukaa zaidi nje ya seli na potasiamu ndani, huku pampu za utando wa seli zikilinda mgawanyo huo usiku na mchana. Maji hayana pampu. Yenyewe hufuata upande wenye ukolezi mkubwa.

Kutokana na hayo yanatokea mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Jumla ya sodiamu mwilini ndiyo inayoamua ujazo wa maji yaliyo nje ya seli, na hilo huonekana kitandani mwa mgonjwa: mapigo, shinikizo la damu, mishipa ya shingo, uvimbe. Ukolezi wa sodiamu, ule unaoandikwa kwenye karatasi ya maabara kuwa 135 hadi 145 mmol (milimoli, kipimo cha kiasi cha chembe) kwa lita, ndio unaoamua kama seli zimevimba au zimesinyaa, na hilo huonekana kwenye ubongo. Mwili nao unavishughulikia vitu hivi kwa njia mbili tofauti: ujazo hulindwa hasa na renini na aldosteroni, ambazo huamuru figo kushika chumvi, ukolezi hulindwa na kiu pamoja na homoni ya kuzuia mkojo, inayotengenezwa kwenye haipothalamasi na kutolewa na tezi ya pituitari. Figo huchuja takriban lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote, zikibakiza lita 1 hadi 2 za mkojo, hivyo hitilafu ndogo katika kurudisha hugeuka haraka kuwa tatizo kubwa.

Dalili: kiu, mkojo mchache, kizunguzungu wakati wa kuinuka

Anza na mizani kama uzito wa awali unajulikana. Uzito unaobadilika ndani ya siku moja au mbili ni maji, si nyama wala mafuta, na kilo moja ni karibu lita moja. Kisha pima mapigo na shinikizo la damu mgonjwa akiwa amelala na tena akiwa amesimama. Shinikizo la juu likishuka kwa 20 mmHg au zaidi ndani ya dakika 3, shuku upungufu. Bonyeza ncha ya kidole hadi ukucha uwe mweupe, kisha uachie: rangi ikichelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 2 kwa mgonjwa asiye na baridi, damu haifiki vizuri pembezoni. Kufinya ngozi kunasaidia sana kwa mtoto na kunapotosha sana kwa mzee, ambaye ngozi yake imelegea hata akiwa na maji ya kutosha. Kwa mtoto angalia pia macho yaliyoingia ndani, na hasa namna anavyokunywa: anayekunywa kwa pupa bado ana nguvu, na aliyelegea kiasi cha kushindwa kunywa yuko hatarini.

Swali linalofuata ndilo lenye uzito. Je, amepoteza maji pamoja na chumvi, au maji peke yake? Kuhara, kutapika, kutoka damu na dawa za kuongeza mkojo huondoa vyote viwili, na kila lita inayopotea hutoka karibu yote katika zile lita 14 za nje ya seli, hivyo shinikizo huporomoka mapema huku sodiamu ya damu ikibaki 138 kama vile hakuna kilichotokea. Hakuna mgongano hapo: chumvi na maji vimeondoka kwa pamoja, na uwiano haukuwa na sababu ya kubadilika. Kinyume chake, mtu mwenye homa ya siku nyingi asiyeweza kujinywesha hupoteza maji matupu, na hasara hiyo hugawanywa katika sehemu zote, ndani na nje ya seli; katika lita moja inayopotea, plazima huchangia takriban mililita 80 tu. Shinikizo lake linaweza kuwa zuri kabisa wakati ubongo unakauka.

Kama chanzo hakieleweki, mkojo huamua. Figo nzima zenye kiu hubana sodiamu ya mkojo hadi chini ya 20 mmol kwa lita. Mgonjwa aliyekaukiwa akionyesha zaidi ya 40, basi figo zenyewe, dawa za mkojo au upungufu wa aldosteroni vimo katika orodha ya watuhumiwa.

Katika kurudisha maji, ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji ya kunywa) inafanya kazi kwa sababu kisafirishaji kilichoko kwenye utumbo mwembamba huvuta sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji hufuata nyuma yake, hata pale utumbo unapomwaga maji kwa nguvu. Mchanganyiko wa sasa wa Shirika la Afya Duniani una sodiamu 75 na glukosi 75 mmol kwa lita, na jumla ya ukolezi wa chembe zote zilizoyeyuka ni 245 mOsm kwa lita. Kuuchanganya kwenye maji machache kuliko yaliyoelekezwa ni hatari, kwani sukari na chumvi zikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuingia tumboni na kuhara huongezeka. Mtoto mwenye upungufu wa wastani hupewa mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4. Upungufu mkali ni wa dripu ya Ringer lakteti, mililita 100 kwa kilo: kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, 30 za kwanza huingia kwa saa 1 na 70 zilizobaki kwa saa 5, kwa mkubwa zaidi, 30 kwa nusu saa na 70 kwa saa 2 na nusu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hafuati ratiba hiyo, kwa kuwa moyo wake haustahimili kasi hiyo.

Kosa ambalo nalihesabu kuwa baya kuliko yote hapa ni kumtundikia mgonjwa ambaye shinikizo lake limeanguka dripu ya dekstrosi ya asilimia 5. Glukosi yake hutumiwa mara moja na kinachobaki ni maji, yanayosambaa hadi ndani ya seli; katika lita nzima, mishipa hubakiwa na zile mililita 80. Dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 huacha takriban robo ya lita.

Dalili: uvimbe

Uvimbe unaobonyea haujitokezi hadi lita 2 au 3 za ziada zimekusanyika kwenye nafasi kati ya seli, hivyo uzito huongezeka kabla viatu havijabana. Njia za kufika hapo ni nne: shinikizo kubwa ndani ya kapilari, albumini (protini kuu ya damu) ndogo, kuta za kapilari zinazovuja, na mifereji ya limfu iliyoziba. Moyo ulioshindwa huonekana kwa mishipa ya shingo iliyojaa na mgonjwa asiyeweza kulala chali. Ini lililoharibika hujaza tumbo kwanza. Figo zinazopitisha protini hufanya uso uvimbe asubuhi na mkojo utoe povu. Mguu mmoja tu ukivimba, achana na moyo na figo kwanza utafute damu iliyoganda au limfu iliyoziba.

Kabla ya kuandika dawa ya kuongeza mkojo, soma orodha ya dawa anazotumia tayari. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa kupanua mishipa midogo, na dawa ya mkojo haitasaidia sana; ibuprofeni, diklofenaki na dawa za kundi la steroidi hufanya figo zishike chumvi. Tena, mtu mwenye uvimbe ana sodiamu nyingi mwilini kupita kiasi hata pale karatasi inaposema 126, na dripu ya chumvi aliyotundikiwa kwa sababu ya namba hiyo itamzidishia maji kwenye mapafu.

Dalili: kuchanganyikiwa, kichefuchefu, degedege na sodiamu chini ya 135

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha namba ni ya kweli. Damu iliyotolewa kwenye mkono wenye dripu hupima dripu. Sukari ikipanda sana, huvuta maji kutoka ndani ya seli na kuizimua sodiamu: kwa kila ongezeko la 5.6 mmol kwa lita la glukosi, sodiamu hushuka kwa takriban 1.6, na hapo tatizo la kutibu ni kisukari.

Namba ikiwa ya kweli, uliza kama homoni ya kuzuia mkojo inafanya kazi. Mkojo uliozimuliwa chini ya 100 mOsm kwa kilo una maana kwamba figo zinamwaga maji inavyopaswa, ila mgonjwa anayameza kuliko uwezo wa figo, au chakula chake kina chumvi na protini chache mno kiasi kwamba figo hazina cha kubebea maji hayo. Mkojo uliokolea zaidi ya hapo una maana kwamba homoni ipo, na kazi iliyobaki ni kujua nani ameiita. Kwa aliyekaukiwa imeitwa kihalali, ili kuokoa ujazo. Kwa mwenye moyo au ini lililoshindwa imeitwa kwa kudanganywa, maana damu ipo lakini ateri zinahisi haipo. Kwa mtu asiyekaukiwa wala asiyevimba, mwenye sodiamu ya mkojo zaidi ya 30, huwa inatolewa isivyofaa: nimonia, saratani ya mapafu, magonjwa ya ubongo, kabamazepini na baadhi ya dawa za sonona ni vyanzo vinavyojulikana. Usimfunge mgonjwa katika kundi hili kabla ya kupima tezi dundumio na kotisoli. Dawa za mkojo za kundi la thiazaidi zinastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa humshusha sodiamu mzee ambaye kwa macho hana dalili yoyote ya kukaukiwa.

Kuna mtego katika utoaji huo usiofaa wa homoni. Dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 inaweza kuishusha sodiamu zaidi, kwa sababu figo hutoa chumvi yote iliyoingia ndani ya mkojo mchache uliokolea, kisha hubakiza sehemu ya maji yake. Namba ikishuka baada ya dripu, usiongeze dripu, badili utambuzi. Tiba ya msingi ni kupunguza maji anayokunywa.

Degedege au kupoteza fahamu hakusubiri uchunguzi huu. Hapo hutolewa chumvi ya asilimia 3, mililita 100 hadi 150 kwa dakika 10 hadi 20, na inaweza kurudiwa, lengo likiwa kupandisha sodiamu kwa 4 hadi 6 tu katika saa za mwanzo, kiasi kinachotosha kupunguza uvimbe wa ubongo. Baada ya hapo breki ni muhimu kuliko kichocheo. Kama upungufu umedumu zaidi ya saa 48, seli za ubongo zimeshatoa chembe zao ili zisivimbe. Sodiamu ikipandishwa zaidi ya 8 hadi 10 ndani ya saa 24, seli hizo husinyaa na ala za neva katikati ya shina la ubongo huharibika. Balaa hilo huonekana siku kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshaamini kwamba mgonjwa amepona: usemi hukwama, kumeza hushindikana, viungo hulegea.

Sodiamu iliyozidi 145 ina hadithi fupi zaidi. Karibu kila mara ni maji yaliyokosekana, kwa mtu asiyeweza kuyafikia au kuyaomba: mtoto mchanga, mzee aliyelala kitandani, mgonjwa asiye na fahamu. Upungufu hukadiriwa kwa kuzidisha maji yote ya mwili na tofauti kati ya sodiamu iliyopimwa na 140, kisha kugawanya kwa 140. Mwanamke wa kilo 60 ana takriban lita 30. Sodiamu ikiwa 154, amepungukiwa lita 3, mbali na anazoendelea kupoteza. Kama hali imedumu zaidi ya siku mbili, rudisha maji polepole, sodiamu isishuke zaidi ya 10 kwa siku, ili ubongo usivimbe. Kama anakojoa lita nyingi za mkojo mweupe kama maji, tatizo liko kwenye homoni ya kuzuia mkojo: jaribio la desmopresini (homoni hiyo iliyotengenezwa kama dawa) litaonyesha kama pituitari haitoi, au kama figo hazisikii, jambo linaloonekana kwa watumiaji wa lithiamu.

Dalili: kupumua kwa kina na kwa kasi bila kikohozi

Kila siku mwili hutengeneza takriban mmol 15,000 za kaboni dayoksaidi, ambazo mapafu huzitoa, na asidi isiyo ya hewa kiasi cha mmol 1 kwa kila kilo ya uzito, ambayo figo huitoa. Kati ya hizo mbili pH hushikiliwa baina ya 7.35 na 7.45. Mapafu hujibu mabadiliko ndani ya dakika. Figo huhitaji siku 3 hadi 5. Upumuaji mzito wa mgonjwa wa kisukari mwenye asidi, alioueleza Adolf Kussmaul mwaka 1874, ni mapafu yanayojaribu kushusha upande wa chini wa uwiano, kaboni dayoksaidi, baada ya ule wa juu, bikaboneti, kuanguka. Anayesikiliza kifua na kukikuta safi asiridhike. Apime sukari, ketoni (asidi zinazotokana na mafuta kuvunjwa insulini inapokosekana) na utendaji wa figo.

Karatasi ya gesi za damu isomwe kwa mfuatano. Angalia pH kwanza, kisha tafuta kati ya bikaboneti na kaboni dayoksaidi ni ipi inayoielekeza huko, halafu hesabu fidia inayotarajiwa, yaani kiasi ambacho upande wa pili unapaswa kusogea ili kupunguza mabadiliko ya pH. Katika asidosisi ya kimetaboliki (asidi iliyozidi kwa sababu bikaboneti imeshuka), kaboni dayoksaidi inayotarajiwa, kwa mmHg, ni bikaboneti mara 1.5, jumlisha 8, na nafasi ya 2 juu au chini. Mgonjwa mwenye bikaboneti 10 anapaswa kuwa na 23. Akiwa na 35, namba hiyo imo ndani ya kiwango cha kawaida cha 35 hadi 45 na mashine haitaiwekea alama, lakini pH yake ni karibu 7.08 badala ya 7.26, na maana yake ni kwamba misuli ya kupumua imechoka. Huyo ndiye wa kukimbiliwa kwanza wodini.

Baada ya fidia huja pengo la anioni: sodiamu ukitoa jumla ya kloraidi na bikaboneti, kwa kawaida 8 hadi 12. Kwa kila gramu 10 za albumini zinazopungua katika lita, pengo la kawaida hushuka kwa 2.5, na anayesahau marekebisho haya humkosa mgonjwa wa asidi ya laktiki aliyedhoofika. Pengo kubwa ni ketoni, asidi ya laktiki, figo zilizoshindwa, au sumu kama methanoli, ethilini glaikoli na salisilati (kundi la aspirini). Pengo la kawaida ni bikaboneti iliyopotea kwa kuhara, figo zenye mirija isiyotoa asidi, au dripu nyingi za chumvi, ambazo zina kloraidi 154 wakati damu ina takriban 100.

Kumpa bikaboneti kila mwenye asidosisi ni kupaka rangi ukuta unaovuja. Ketoni huisha kwa maji na insulini, asidi ya laktiki huisha damu inapofika kwenye viungo. Kwa mgonjwa wa ketoni, potasiamu huanza ikiwa juu au ya kawaida kwa kuwa imetoka ndani ya seli, ilhali akiba ya mwili mzima imekwisha kupitia mkojo. Insulini huirudisha ndani kwa ghafla. Ikiwa potasiamu ya kipimo cha kwanza iko chini ya 3.3, potasiamu hutangulia na insulini husubiri.

Dalili: ganzi ya vidole na midomo, kifua kubana, kupumua haraka

Hii ni alkalosisi ya upumuaji: kaboni dayoksaidi hutolewa kupita kiasi na pH hupanda. Ganzi hutokana na kalsiamu huru kupungua, kwa kuwa albumini huishika zaidi pH inapopanda. Wasiwasi ni chanzo cha kweli, lakini ni cha mwisho kukubaliwa: damu iliyoganda kwenye mapafu, maambukizi makali yanayoanza, ugonjwa wa ini na salisilati huanza hivi hivi. Ujauzito na kukaa mwinuko mkubwa huleta hali hiyo hiyo kwa mtu mwenye afya njema. Mfuko wa karatasi mdomoni usitumike. Mwenye mapafu yaliyoziba atanyimwa oksijeni kwa jina la tiba.

Dalili: usingizi mzito, maumivu ya kichwa asubuhi, mikono kutetemeka

Hapa kaboni dayoksaidi haitoki. Dawa za kundi la afyuni, magonjwa sugu ya njia za hewa, unene uliokithiri na udhaifu wa misuli ndivyo vyanzo vya kawaida. Bikaboneti hueleza umri wa tatizo: kwa kila 10 mmHg ya ziada, hupanda kwa 1 tu katika saa za mwanzo, na kwa takriban 4 baada ya siku kadhaa. Mwenye kaboni dayoksaidi 60 na bikaboneti 26 ameanza leo na huenda akahitaji mashine ya kupumulia. Mwenye 60 na 32 ameishi nayo muda mrefu, na oksijeni yake ilengwe kwenye asilimia 88 hadi 92, si 100.

Dalili: kutapika kwa siku kadhaa, misuli kukaza, bikaboneti juu

Anayetapika hupoteza asidi ya tumbo, na figo zenye afya zingeweza kutoa bikaboneti ya ziada ndani ya muda mfupi. Hazitoi kwa sababu kloraidi imekwisha na ujazo umepungua. Zinashika sodiamu kwa gharama yoyote, zikimwaga potasiamu na asidi, hadi mkojo unakuwa wa asidi ndani ya mwili wenye alkali. Kloraidi ya mkojo chini ya 20 inathibitisha, na tiba ni dripu ya chumvi pamoja na kloraidi ya potasiamu. Ikiwa juu ya 20 kwa mtu asiyetumia dawa ya mkojo na mwenye shinikizo kubwa la damu, tafuta aldosteroni iliyozidi.

Dalili: miguu kulegea, moyo kuruka mapigo

Asilimia 98 ya potasiamu imo ndani ya seli, kwa hiyo sampuli iliyotikiswa au kukaa muda mrefu hutoa namba ya kutisha isiyokuwepo mwilini. Rudia kipimo, lakini usingoje majibu kama kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha mawimbi ya T yaliyochongoka au mchoro uliopanuka: kalsiamu hulinda moyo ndani ya dakika chache, insulini na glukosi huingiza potasiamu kwenye seli, na kuiondoa mwilini ni hatua ya tatu. Potasiamu ndogo isiyopanda licha ya kuongezwa inadai magnesiamu ipimwe.

Dalili: mgonjwa hoi, pH 7.40

Fidia hupunguza mtikisiko, lakini kwa kawaida hairudishi pH hadi katikati, isipokuwa alkalosisi ya upumuaji iliyodumu. Kwa hiyo pH nzuri kwa mgonjwa mahututi ni sababu ya kuanza kuhesabu. Chukua mgonjwa wa kisukari aliyetapika siku mbili: pH 7.40, kaboni dayoksaidi 40, bikaboneti 24, sodiamu 140, kloraidi 88. Mashine haitaweka alama ila kwenye kloraidi. Pengo la anioni ni 28. Ketoni zimeshusha bikaboneti kwa karibu kiasi kile kile ambacho kutapika kumeipandisha, na matatizo mawili makubwa yamefutana kwenye karatasi.

Ukimtibu kutapika tu, ketoni zitabaki peke yake na pH itaanguka. Mpe maji, insulini na potasiamu kama mgonjwa mwingine yeyote wa ketoni, ukifuatilia pengo kila saa 2 hadi 4 badala ya bikaboneti, ambayo kwa huyu ilikuwa ya kawaida tangu mwanzo na haiwezi kukuambia amepona lini. Pengo likishuka hadi 12 au chini yake na mgonjwa akaweza kula, insulini ya chini ya ngozi huanza, na ile ya mshipani huondolewa saa 1 hadi 2 baadaye.